Kunyoosha Bomba la Chuma Lililopinda

Zamani za misafara, mzigo wa mpagazi mmoja kutoka Bagamoyo hata Tabora ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Leo mkulima wa Urambo au Sikonge hufunga gunia la mahindi la kilo 100 nyuma ya baisikeli yake, na ukifanya hesabu utaona kwamba huo ni mzigo wa wapagazi watatu na kuzidi. Uzito huo wote waelemea mabomba membamba ambayo unene wa ukuta wake haufiki milimita 2. Si ajabu basi kwamba mabomba hayo hupinda mara kwa mara; ajabu ni kwamba hayapindi kila siku.

Kazi ya kuyanyoosha yaweza kufanywa nyumbani, kwa vyombo vichache, na mtu mwenye subira. Lakini yapasa ifahamike tangu mwanzo kwamba kazi hii ina hatari iliyofichika. Bomba lililopinda laonekana na kila mtu, na mwenyewe hujihadhari nalo. Bomba lililonyooshwa vibaya huonekana zima, likapakwa rangi likang'aa, hata siku litakapokatika mteremkoni na nyuma amekaa mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni kujua bomba gani lafaa kunyooshwa na lipi halifai, kwa kuwa kuvuta na kusukuma hata kijana wa miaka kumi na tano aweza.

Watu wa Unyamwezi si wageni wa madini. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo na Wasumbwa, upande wa kusini ya Ziwa Victoria, yaliuzwa Unyanyembe na kupelekwa mbali kama fedha. Misafara nayo ilileta masango, yaani waya nene za shaba, na wafuaji wa bara wakazivuta katika chamburo mpaka zikawa nyembamba kama uzi, wakafanya udodi wa kuvaa mikononi na miguuni. Hata mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezuiliwa na vita wasipate sarafu kutoka kwao, sarafu zilipigwa papo hapo katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora, na nyingine zilitokana na shaba chakavu.

Tumetaja chamburo kwa sababu. Mfuaji wa udodi alijua jambo ambalo ndilo msingi wa somo letu. Alipovuta waya mara ya kwanza ilikuja laini. Mara ya pili ikawa ngumu kidogo. Mara ya tatu au ya nne ilikuwa ngumu hata ikataka kukatika. Hapo aliiweka motoni ikaiva, akaiacha, ikarudia ulaini wake, ndipo akaendelea. Madini yote yanayopindwa au kuvutwa yakiwa baridi hufanya vivyo hivyo: kila yanapoharibiwa umbo huzidi ugumu, na kila yanapozidi ugumu hukaribia kukatika. Bomba la baisikeli likipinda katika ajali limekwisha kupata ugumu huo mara moja. Ukilinyoosha, umeupata mara ya pili. Ukikosea ukalipinda upande wa pili, kisha ukalirudisha, hiyo ni mara ya tatu na ya nne. Mtu aliyewahi kukata waya kwa kuipinda huku na huku kwa vidole anajua mwisho wake.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusilitie bomba motoni kama mfuaji alivyotia waya yake? Jibu ni kwamba mabomba ya baisikeli hutengenezwa makusudi yawe magumu. Katika miaka ya 1880 ndugu wawili Wajerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walibuni njia ya kutoboa kipande kizima cha chuma cha moto kikawa bomba lisilo na mshono. Mabomba ya namna hiyo huvutwa tena yakiwa baridi, kama vile udodi, na nguvu yake yatokana na kuvutwa huko. Baisikeli nyingi za bei rahisi zina mabomba ya bamba la chuma lililoviringishwa na kuchomelewa mshono wake. Nayo pia hupata sehemu ya nguvu zake katika kuviringishwa. Ukilitia bomba kama hilo katika mkaa mpaka likawa jekundu, ni kweli litalainika na litanyooka kwa mkono mmoja, lakini litabaki laini hivyo hivyo, na gunia la kwanza litalipinda tena pale pale. Zaidi ya hayo, viungo vya fremu nyingi vimeunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na moto mkali karibu na kiungo huweza kuilegeza shaba hiyo ndani pasipo kuonekana. Basi baisikeli hunyooshwa baridi.

Sasa tuje kwenye kutazama. Osha bomba kwa maji na sabuni, ulikaushe, ulipeleke mahali penye jua. Pitisha kidole polepole mahali palipopinda, kwanza upande wa ndani wa kigosho, kisha upande wa nje. Bomba likipinda, upande wa nje huvutika na upande wa ndani hubanwa. Na kwa kuwa katikati ni wazi, duara lake hulala likawa kama yai. Mambo matatu yaweza kuonekana. Kwanza, kigosho cha mviringo mpana, kisicho na mikunjo, rangi haikubanduka: hilo lanyoosheka, na likinyooshwa mara moja tu litafanya kazi miaka mingi. Pili, mkunjo upande wa ndani, unaosikika chini ya kidole kama tuta dogo au mawimbi mawili matatu, na rangi imebanduka: hilo laweza kurudishwa umbo, lakini nguvu yake imepungua, na halifai tena kwa mzigo mzito wala kwa abiria. Tatu, ufa, hata kama ni mwembamba kama unywele. Hilo halinyooshwi kabisa. Mahali pa kutafuta ufa ni upande wa nje wa kigosho, na pembezoni mwa viungo, na kama bomba lina mshono, juu ya mshono wenyewe. Ukitilia shaka, paka mafuta ya taa kidogo, uyafute vema, kisha vumbisha chokaa au unga wa chaki juu yake na ungoje kidogo; mafuta yaliyoingia ufani hutoka tena yakachora mstari katika chokaa. Walimu wataona kwamba chaki ya ubaoni yatosha kwa kazi hii.

Mabomba ya alumini, ambayo hujulikana kwa wepesi wake na kwa kuwa sumaku haiyashiki, yasinyooshwe nyumbani hata kidogo. Madini hayo hayavumilii kupindwa mara mbili. Usukani wa alumini ukipinda, nunua mwingine.

Vyombo vitakiwavyo ni vichache. Jiliwa ikiwapo ni bora sana, lakini isipokuwapo yatosha mti wenye panda imara, shina lake liwe nene kama paja la mtu, au nguzo mbili zilizochimbiwa chini dhiraa moja na kushindiliwa mawe. Yatakiwa tena bomba refu la maji la kutumia kama wenzo, uzi wa kushonea au wa mvuvi, kipande cha ubao ulionyooka kweli kweli, na kipande cha chaki. Lakini chombo kipitacho vyote ni vibao vya kushikia. Chukua kipande cha mninga au mti mwingine mgumu, unene wa kiganja, utoboe tundu lenye upana sawasawa na bomba lako, kisha upasue kipande hicho kwa msumeno katikati ya tundu. Utapata vibao viwili, kila kimoja kina mfereji wa nusu duara. Tengeneza jozi tatu. Bomba linaloshikwa katika mifereji hii haliwezi kulala kama yai, kwa kuwa mti umelizunguka pande zote. Bomba linaloshikwa na chuma kitupu cha jiliwa, au kupigwa nyundo, hubonyea papo hapo, na kibonyeo kimoja chaweza kudhoofisha bomba kuliko kigosho kilichokuwapo. Twaona mafundi wengi wa barabarani wakipiga nyundo juu ya bomba lililolazwa kwenye jiwe. Kazi yao ni ya haraka na bei yake ni ndogo, lakini sisi hatuwasifu.

Kabla ya kusukuma, tafuta mwanzo na mwisho wa kigosho. Shika bomba mbele ya jicho moja, ulitazame kwa urefu wake kama mtu apimaye mshale, na kulizungusha polepole. Ama weka ubao ulionyooka juu yake, utazame mwanga unapopenya. Piga alama ya chaki pale bomba linapoanza kuuacha ubao, na alama nyingine pale linapoanza kuwa nyoofu tena, na alama ya tatu katikati, penye nundu kuu. Usiache kufanya hivi. Mahali palipopinda pamekwisha kuwa pagumu kuliko jirani zake. Basi ukisukuma ovyo, patakaponyooka kwanza si pale, ila patapinda upya mahali laini pa pembeni, nawe utapata bomba lenye vigosho viwili mfano wa nyoka. Dawa yake ni kushika bomba karibu na alama za mwanzo na mwisho, kama shubiri moja kutoka katikati kila upande, na kusukuma juu ya nundu tu.

Weka basi jozi moja ya vibao penye alama ya kwanza na jozi nyingine penye alama ya pili, zikiegemea nguzo mbili au meno ya panda la mti, na jozi ya tatu juu ya nundu. Sukuma jozi ya tatu kwa wenzo, taratibu, bila kushtua. Achia, utazame. Utaona jambo linalowaudhi wanafunzi wote: bomba lilikuwa limenyooka ulipokuwa ukisukuma, lakini ulipoachia likarudi. Chuma kina tabia ya upinde wa mshale. Sehemu ya kupinda kwake ni ya kudumu na sehemu ni ya kurudi. Kwa hiyo ni lazima kulivusha kidogo kupita unyoofu, ili linaporudi lisimame mahali pake. Livushwe kiasi gani? Hakuna kipimo kimoja, kwa kuwa mabomba hayalingani. Anza kidogo: sukuma mpaka linyooke tu, achia, upime limerudi kiasi gani. Kama limerudi milimita 4, mara ya pili livushe milimita 3 kupita unyoofu, upime tena. Afadhali kusukuma mara sita kwa upande mmoja kuliko kusukuma mara moja ukapitiliza na kulazimika kulirudisha upande mwingine. Hesabu ya mfuaji wa udodi ikumbukwe hapo.

Kigosho kirefu kisinyooshwe kwa mahali pamoja. Sogeza vibao upana wa vidole viwili kila mara, ukianza katikati na kuelekea ncha, ukipima kila hatua. Na ubao wa kupimia uwekwe pande mbili za bomba, juu na ubavuni, maana bomba laweza kuwa nyoofu ukilitazama toka juu na kumbe limepinda kwa ubavu.

Kwa fremu nzima ya baisikeli kuna kipimo cha uzi ambacho ni rahisi na cha kweli. Ondoa gurudumu la nyuma. Funga uzi katika mdomo wa kushoto unaoshika ekseli, upeleke mbele, uuzungushe katika bomba fupi la kichwa ambamo shingo ya uma hupita, uurudishe nyuma na kuufunga katika mdomo wa kulia, ukiwa umekazwa sawasawa. Uzi huo utapita kushoto na kulia kwa bomba la kiti. Pima kwa rula nafasi iliyo kati ya uzi na bomba hilo kila upande. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipitana milimita 1 au 2, liache jambo hilo. Zikipitana zaidi, upande wenye nafasi kubwa ndio upande ambao sehemu ya nyuma imeuelekea, nayo yapasa kuvutwa upande wa pili. Lakini kwanza tia kitovu cha gurudumu katikati ya midomo miwili uone kama upana ni ule ule. Huenda ni bomba moja tu la nyuma lililosukumwa nje, na hilo peke yake ndilo la kurudishwa. Kazi hii haihitaji jiliwa: laza fremu ubavu, mtu mmoja akanyage penye kiungo cha pedali kwa mguu wenye kiatu laini, mwingine avute kwa mikono miwili. Kisha uzi upimwe tena.

Uma wa mbele wataka maneno zaidi, kwa kuwa ajali nyingi zaanzia hapo. Baisikeli ikigonga jiwe au shina, uma husukumwa nyuma, na mwenyewe huona kwamba gurudumu lakaribia kugusa bomba la mteremko, au kidole chake cha mguu chagonga gurudumu anapokata kona. Weka ubao ulionyooka ubavuni mwa bomba fupi la kichwa, uuache ushuke kandokando ya uma. Katika uma mzima, miguu yake hufuata mstari huo mpaka mahali inapoanza kujikunja kwenda mbele. Ikiuacha mstari na kurudi nyuma, uma umepinda. Hapo ufunguliwe na kutolewa, usinyooshwe ukiwa ndani ya fremu, maana nguvu utakayotia itaharibu goroli na mabakuli yake. Ukiisha kuutoa, tazama shingo. Kama shingo ndiyo iliyopinda, uma huo umekwisha kazi. Shingo hubeba kishindo chote cha njia, nayo ikikatika mpandaji huanguka kifudifudi pasipo onyo. Bei ya uma mpya, hata ikimuuma mtu, haitoshi kuwa sababu ya kuitumia shingo iliyonyooshwa. Lakini kama shingo ni nyoofu na miguu ndiyo iliyorudi kwa kigosho kipana, shika shingo katika vibao, usukume miguu yote miwili pamoja, kwa kupitisha ekseli ya zamani katika midomo yake ili isiachane. Mwishowe tia gurudumu lililo sawa, uone kama lakaa katikati.

Tena, mtu akiona uma umerudi nyuma asiache kutazama mabomba mawili ya fremu karibu na kichwa, la juu na la mteremko. Upande wa chini, vidole viwili au vitatu nyuma ya kiungo, mara nyingi hukaa mkunjo mdogo uliofichwa na vumbi. Mabomba hayo mawili hupata pigo lile lile lililopata uma.

Kuhusu mabomba ya maji, habari ni nyingine. Bomba la nusu inchi lina upana wa milimita 21 na unene wa ukuta kama milimita 2.6, ni nene na laini kuliko la baisikeli, na hustahimili kupindwa. Nalo linyooshwe baridi kwa njia ile ile ya vibao. Ncha zenye mikato ya parafujo zisishikwe hivi hivi, bali kwanza zifungiwe kiungo cha zamani ili mikato isivunjike. Bomba jeusi lisilopakwa kitu, likiwa nene mno, laweza kutiwa motoni mpaka liwe jekundu la giza, kisha likanyooshwa na kuachwa lipoe lenyewe. Bomba lililopakwa zinki, lile la rangi ya fedha, lisitiwe motoni kamwe. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 419, na moto ukizidi hutoa moshi mweupe. Avutaye moshi huo hushikwa usiku na homa, baridi na maumivu ya kifua, akadhani ni malaria.

Kuna mafundi wanaojaza mchanga ndani ya bomba na kuziba ncha kwa vigingi, ili lisilale linapopindwa. Ni njia njema kwa kazi ya baridi, mchanga ukishindiliwa vema. Lakini bomba lililozibwa na kutiwa motoni ni kama bunduki iliyoshindiliwa. Mchanga ukiwa na unyevu mdogo tu, maji yake hugeuka mvuke unaotaka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya kwanza, na kigingi hutoka kwa kishindo kikampata aliye mbele yake. Mchanga ukaangwe kwanza katika sufuria mpaka ukauke kabisa, na kigingi kimoja kitobolewe tundu.

Na kwa kuwa tumetaja bunduki: katika njia ya misafara magobori yalikuwa mengi, na huenda moja bado limelala darini kwa mzee fulani, mtutu wake umepinda. Mtutu haunyooshwi kwa njia hizi wala kwa njia yoyote ya nyumbani. Unyoofu uuridhishao jicho hauuridhishi moto wa baruti. Silaha ya namna hiyo na ipelekwe kituo cha polisi.

Kazi ya kunyoosha ikiisha, kwangua rangi iliyolegea, piga msasa, upake rangi mpya siku hiyo hiyo, maana chuma kilicho wazi hushika kutu upesi wakati wa masika. Yafaa rangi iwe nyeupe mahali pale, hata kama fremu ni nyeusi. Ufa ukija baadaye, mstari wake wa kutu utaonekana juu ya nyeupe mapema kuliko juu ya nyeusi. Wiki ya kwanza baisikeli ipandwe bila mzigo. Mwisho wa wiki kidole kipitishwe tena palepale. Kisha ipakiwe nusu gunia, na baada ya mwezi mmoja itazamwe tena kabla ya kurudishwa katika kazi yake yote.

Bomba lililokataliwa nalo lina matumizi. Likatwe pale lilipopinda, na kipande kilichoharibika kitupwe, kisije kikaokotwa na mtu akakiunganisha tena. Vipande vyake vizima vyafaa kuwa wenzo, au mpini wa kichomeo, au mdomo wa mivukuto ya mfuaji, ambao kwa kawaida huungua kila baada ya muda na kutaka badala yake. Kipande chenye upana unaoingia sawasawa ndani ya bomba jingine kihifadhiwe kuliko vyote, kwa kuwa fundi wa kuchomelea aweza kukitia ndani ya fremu iliyopasuka kama mfupa wa ndani, kabla ya kuziba ufa kwa shaba.